Simu ya Marehemu

Jirani yangu hapa Amalemba ndiye aliyeniambia kwanza: bintiye wa chuo amesahau nenosiri la akaunti yake ya chuo, na usajili wa mtihani unafungwa jioni. Niliwakuta saiba, duka la kompyuta na intaneti.

"Nambari ya siri ya kubadilisha nenosiri imetumwa kwa simu yenye namba hii. Ni ya nani?" mhudumu aliuliza.

"Ya yule kaka aliyefanya kazi hapa," binti alijibu. "Alitufungulia akaunti sisi wote kwa simu yake."

Mhudumu aliondoa mikono kwenye kibodi. "Dada, si tulimzika Jumamosi? Mjane wake ameizima simu. Wanafunzi walikuwa wakimpigia kuomba nambari, hata pole hawasemi."

Binti alilaza uso mezani. Jioni usajili ulifungwa, akaukosa mtihani.

Asubuhi nilimpelekea mjane sukari. Simu sikuitaja, ingawa akaunti ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto wangu nayo ilifunguliwa kwa nambari ile ile.