Injini ya Bure na Macho ya Mzee Zakaria

Mwanangu, ipo siku moja ya Amherst, huku Marekani, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika kichwa. Nilikuwa mwanafunzi, nywele zote nyeusi, maneno mengi kuliko kazi. Naona unacheka. Cheka, lakini sikiliza.

Asubuhi hiyo kampuni moja ya teknolojia, kubwa kiasi kwamba hakuna nyumba hapa isiyo na kitu chake, ilitangaza kuwa inagawa bure injini ya michezo. Si injini ya gari. Ni programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta: ndani yake tayari kuna jua, kivuli, upepo na maji yanayotiririka, wewe unapanga tu. Kabla ya hapo, sisi wengine tulijiandikia zetu za kuungaunga.

Niliipakua. Nikaweka kilima, nikaotesha nyasi, nikageuza jua. Mwanangu, nyasi zililala upande ulikoelekea upepo, na umande ukang'aa juu yake! Mimi nilikuwa nimehangaika mwaka mzima kufanya kivuli kimoja kifuate mti wake. Nilisimama, nikazunguka meza, nikakaa tena. Nilisema Subhanallah kwa sauti mpaka mwenzangu wa chumba akaja mbio akidhani kuna moto. Sioni haya kukwambia kwamba machozi yalinilengalenga. Watu walikesha miaka wakitengeneza kitu kile, halafu nikapewa bila kuulizwa mimi ni nani.

Kosa langu lilianzia hapohapo, kwenye kushangaa.

Nilikuwa na ahadi. Generosa, dada wa Kirundi tuliyefahamiana kiwandani Tonawanda nilipofanya kazi za likizo, alikuwa amehamia Reynoldsburg na wanawe. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na kambi hiyo ilishafungwa na kubomolewa. Baba yake, Mzee Zakaria, aliishi Louisville kwa mwanawe wa kiume. Daktari alikuwa amemwambia kwamba macho yake hayatamaliza mwaka. Mzee alitaka kitu kimoja: aione kambi tena, kwa sababu mkewe alizikwa kule na hakuna hata picha iliyobaki. Nikamwahidi kuitengeneza kwenye kompyuta, atembee humo kwa kubonyeza vitufe. Mzee mwenyewe akanichorea ramani nyuma ya kalenda ya kanisa: nyumba, kaburi, bomba la maji, na foleni ya madumu yaliyopangwa alfajiri kuwashikia wenyewe nafasi, kila dumu na kamba ya rangi yake.

Na niliitengeneza! Kwa injini yangu mbovu nyumba zilikuwa visanduku vya kahawia, madumu vidonge vya njano, ila kila kitu kilikaa mahali pake. Ilibaki kumpelekea tu. Lakini baada ya kuona maajabu ya ile injini ya bure, nilivionea haya visanduku vyangu. Nikaanza upya.

Generosa akapiga simu. "Kaka, mzee anauliza."

"Mwambie asubiri kidogo. Naweka mwanga wa asubuhi."

"Jamani, si ulisema imekwisha?"

"Ile haifai, dada. Hii atahisi mpaka vumbi."

Wiki zikawa miezi. Niliweka mawingu, nikaweka ukungu, nikafundisha turubai kupepea. Sikuwa mvivu, na hilo ndilo linaloniuma. Nilifanya kazi kama punda, na kila siku nilishangaa upya.

Nilipomaliza, niliendesha gari kutoka Amherst, nikampitia Generosa Reynoldsburg. Tulipoingia barabara kuu akaniambia, "Kaka, mzee haoni tena. Wiki ya tatu sasa. Alitukataza kukwambia, asije akakuvunja moyo ukaacha." Nikaendelea kuendesha mpaka Louisville.

Nikafungua kompyuta mezani. Wajukuu walijazana, wakaulizana kwa Kiingereza kama ile ni video ya kweli. Mzee aliletwa ameshikwa mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefika bombani?"

"Nimefika."

"Lipe mgongo. Hesabu nyumba nne, pinda kushoto."

Nikabonyeza. Akanitembeza. Hapa kwa fundi baiskeli, hapa pana mteremko, usikimbie. Hakukosea hata kona moja. Mwanangu, nilidhani nimeshaona maajabu yote kwenye ile injini, kumbe sikuwa nimekaa karibu na kichwa cha mzee yule.

"Sasa umefika kwake. Kuna mawe matatu. Unayaona?"

"Nayaona, mzee."

"Bado ni meupe?"

"Meupe."

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yote: kwamba ilikuwa tayari tangu mapema, kwamba niliona haya kumletea visanduku. Hakunikaripia. Alisema polepole, "Mwanangu, nimelala miaka mingi kwenye nyumba ya turubai. Ungeniletea boksi, ningejua ni kwangu." Halafu akaongeza, "Usibonyeze kitu. Tukae naye kidogo."

Tukakaa, hata watoto.

Sasa wewe una injini za bure tele, na kesho itatoka nyingine ya kukuacha mdomo wazi. Shangaa, wala sikukatazi. Asiyeshangaa kazi kama zile ana moyo mgumu. Ila kama kuna mtu anakungoja, mpelekee ulicho nacho leo, kibovu hivyohivyo. Kipambe baadaye, yeye akiwa kando yako anakuonyesha ulipokosea. Usimfiche aibu yako huku siku zake zinakwisha.

Mwenyezi Mungu akubariki kwa mikono isiyochelewa, na kila uliyemwahidi kitu umkute bado anaona.