Nani Atachunga Likizo Hii

Ofisini kwa mkuu wa shule ya bweni, Karatu, tulikuwa watano: mkuu mwenyewe, mfugaji wa Kakesio, si wa Endulen kama karani wa shule alivyonieleza, binti yake wa kidato cha tatu, mama mzazi wa mfugaji, na mimi, niliyekuja kumchukua mjukuu wangu anayesoma hapo.

“Binti huyu alipougua alikosa hisabati ya muhula mzima,” alisema mkuu. “Akibaki hapa kusoma likizo hii, atapanda kidato cha nne. Akienda nyumbani, atarudia darasa.”

“Likizo ni ya ndama, Mwalimu. Nani atawachunga?” aliuliza mfugaji.

Binti alitazama viatu vyake.

“Mimi,” alisema bibi yake.

“Yeyo, wewe? Fisi watakucheka!” mfugaji alimwambia mama yake.

“Wamenizoea tangu hujaota meno.”

Akaishika fimbo ya kuchungia iliyokuwa mkononi mwa mwanawe. Kwao mtu havutani na mama yake mbele ya wageni, mfugaji akaiachia.

Vikao vya kuhimiza elimu ya wasichana nimekaa vingi, vya chama na vya kata. Sikumbuki hata kimoja kilichouliza nani atachunga.

Binti alifaulu, sasa yuko kidato cha nne. Bibi yake alifariki wiki iliyopita, huko Kakesio.