Mdogo Wangu, Malkia na Nyota Iliyolipuka Tena

Mdogo wangu wa kike, yule aliyenifuata ziwa, kazi yake ni kuchunguza nyota zilizolipuka. Hazitazami kwa macho. Kuna darubini ya eksirei inayozunguka huko juu na setilaiti, maana eksirei za nyota haziwezi kupenya hewa yetu. Yeye hukaa na kompyuta, mara ofisini, mara kwenye meza yetu ya jikoni, akiomba darubini igeuzwe huku au kule.

Tangu chuoni walikosoma pamoja, ana kijiba cha roho na mwenzake mmoja wa ofisini, anayekaa ghorofa ya juu yetu. Anamwita Malkia. Malkia mwenyewe si mtu mbaya. Kosa lake ni kwamba kila taarifa nzito inayotoka kwao huanza na jina lake.

"Hata akipiga chafya wanaitangaza," mdogo wangu husema.

Sasa ipo nyota moja ambayo mdogo wangu aliisubiri tangu ujana wake. Kwa alivyonieleza, ni nyota mbili zinazoishi pamoja, moja kubwa iliyolegea, na nyingine ndogo iliyokazana, inayomnyonya mwenzake gesi. Ikishiba inalipuka, halafu inaanza kunyonya upya, mpaka miaka mingi ipite ilipuke tena. Mwaka huu ililipuka. Nyota ile ndogo huendelea kuungua baada ya mlipuko na kutoa eksirei laini, zile zisizo na nguvu sana, ila mwanzoni zinafunikwa na wingu la mlipuko wenyewe. Atakayeziona kwanza ndiye atakayetangaza.

Jioni moja akaruka kitini. "Dada, nimezipata. Wingu limetoboka mapema."

"Mungu ashukuriwe. Umemwonyesha mwenzio?"

"Ili jina lake likae juu ya langu tena? Naituma taarifa kwanza. Atasoma kama watu wengine."

Kabla hajatuma, Malkia akabisha hodi, analeta sufuria yangu aliyoazima. Ningeweza kuipokea mlangoni. Nikamwambia, "Ingia kwanza unywe chai." Mdogo wangu alinitupia jicho la kunichoma.

Malkia akaketi, macho yake yakaangukia kwenye kompyuta.

"Nyota hii si watu wanaiona hata bila darubini siku hizi?"

"Wanaiona. Kwani unaona wivu?"

"Kidogo," Malkia akacheka. "Lakini naona kama kamera imezidiwa. Mwanga wa kawaida ukimwagika mwingi mahali pamoja, kamera inajumlisha zile chembe dhaifu za mwanga na kuzihesabu kama eksirei laini. Omba isome kwa ile njia ya haraka, mwanga usipate nafasi ya kurundikana. Zikibaki, nitakupongeza mbele ya watu."

Uso ulimshuka mdogo wangu. Chai ikapoa. Kesho yake aliomba hivyo alivyoambiwa, na hakikubaki kitu. Angeituma ile taarifa, angekuwa ametangaza kisichokuwepo, tena kwa jina lake peke yake.

"Ungemwacha na hiyo sufuria yako huko mlangoni," aliniambia, machozi yakimlenga. "Sasa hata kuokolewa, nimeokolewa na yeye."

"Lakini umeokolewa."

"Ndiyo kinachoniuma."

Niliwaombea wote wawili, yeye zaidi.

Alikaa wiki kadhaa akiichungulia nyota yake bila kuimba wala kutania, na wakikutana na Malkia kwenye ngazi alikuwa ghafla anatafuta funguo mkobani. Wingu lilipotawanyika kweli, eksirei zikamiminika, na safari hii alizipima kwa ile njia ya haraka, zikabaki. Akaandika taarifa pale pale jikoni. Nilikuwa nachambua mchele. Nikamwona anaweka jina lake, anasita, anaandika la Malkia, analifuta, anakunywa maji, analiandika tena.

"Umemweka?"

"Nimemweka."

"Wa kwanza?"

"Wa pili, dada. Utakatifu wa kumweka wa kwanza bado sijaufikia."

Akaituma, akaenda kuoga.