Sufuria Niliyoisugua Mpaka Ikang'aa

Wifi yangu alirudi kutoka ng'ambo na mashine ya kuoka mkate. Nilipoifungua kuisafisha, nikakuta sufuria yake ni nyeusi tititi ndani. Nikashikwa na hasira. Msomi mzima na hajui kuosha sufuria! Nikaisugua kwa mchanga na stilwuli, mtoto akilia mgongoni, mpaka ikang'aa.

Mkate ulipoiva, mama mkwe akiwa mezani, nikasema, "Mama, binti yako alituletea masizi kutoka Ulaya. Nimemtolea."

Wifi akaipindua sufuria. Mkate haukutoka. Akaigonga, wapi. Akanitazama.

"Mama Otieno, ule weusi ndio ulikuwa unazuia mkate usigande. Umeutoa wote?"

Mama mkwe akaomba kijiko, akaanza kukwangua.