Mtoto Wangu Kwenye Karatasi

Barua ya kutukatalia ilifika mwezi wa saba, wiki ileile mjukuu wangu alipopata nafasi kwenye shule ya ukunga. Niliisoma mara mbili kwa Kifaransa changu cha kuokotaokota, kisha nikampa yeye aisome. Ilisema fungu la masomo ni la watoto wa wanajeshi wa zamani, na wewe, mademoiselle, si mtoto wa mwanajeshi huyu. Wewe ni dada yake.

Dada yake! Mwanangu, huyo mwanajeshi, ndiye aliyemzaa.

Niseme ilivyokuwa, maana kosa ni langu, hata kama sikulijua. Nyumbani kwetu Bukavu, mtoto wa kwanza wa kijana alikuwa wa mama ya kijana huyo. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na saba alipompata binti huyu. Mama ya mtoto akarudi kwao, mimi nikamchukua, nikamnywesha uji, akalala mgongoni mwangu. Tulipofika Ubelgiji sisi watatu, bwana mmoja nyuma ya kompyuta aliniuliza kupitia mkalimani: hawa wawili ni watoto wako? Nikajibu ndiyo. Hakuuliza nani alitoka tumboni mwangu. Angeuliza ningemwambia. Aliandika, nikatia sahihi, na miaka kumi na nane hakuna aliyelalamika.

Mwanangu alipopata uraia aliingia jeshi la hapa. Miaka kumi. Walimpeleka jangwani mara mbili, akarudi na goti lisilokunjika vizuri, akaacha. Sasa anaendesha mashine ya kubeba mizigo kwenye depo. Si mtu wa kuomba. Ni mwenzake wa kikosi aliyemwambia kwamba kuna fungu linalolipia watoto wao masomo: ada, vitabu, hata chumba. Siku hiyo alikuja kwangu, mtaa wa Molenbeek, akicheka, na yeye hacheki ovyo.

"Maman," akasema, "hili goti litasomesha mutoto."

Ndiyo maana barua ile ilituchoma. Tukaenda wote watatu kwenye ofisi yao, kwenye ghorofa moja karibu na stesheni ya Gare du Nord. Msichana aliyetupokea alikuwa na adabu, na hiyo ilinikera zaidi, kwa sababu huwezi kumgombeza mtu mwenye adabu.

"Madame, hapa imeandikwa wewe ni mama yake."

"Ndiyo, mimi ni mama yake."

"Basi monsieur ni kaka yake."

"Hapana. Monsieur ni mwanangu, na ndiye baba yake."

Akanitazama, akamtazama mwanangu, akavuta kiti chake nyuma kidogo. Mwanangu akajifunika uso kwa mkono.

"Maman, nyamaza, tafazali. Unatuharibia."

"Nimeharibu nini? Nani alimulea?"

"Habaulize kulea. Banauliza kuzaa."

"Bon, na miaka yote hii walikuwa wanangoja nini kuuliza?"

Tukatoka mikono mitupu. Kwenye tramu mjukuu wangu akaniegemea. "Maman, acha tu. Nitafanya kazi mwaka huu, nitasoma mwaka kesho."

"Mimi niliingia kusafisha nyumba za matajiri wa Uccle kwa mwaka mmoja tu," nikamwambia. "Hesabu ni mingapi sasa."

Mwanamke mmoja mbele yetu alitugeukia, nikamtazama mpaka akageuka tena.

Tukapata wakili, mmoja wa wale wasiolipisha. Alisema lazima twende mahakamani, damu ipimwe, na mimi niandike kwamba si mama yake mzazi, na kwamba niliyosema siku ya kufika hayakuwa sawa.

"Wataniondolea karatasi zangu za kukaa hapa?"

"Sidhani, madame."

"Sidhani si jibu."

"Ni jibu nililonalo."

Mwanangu akasimama. "Alors, tuache. Siwezi kukupoteza wewe juu ya shule." Mjukuu wangu akatazama chini. Niliona vidole vyake vimeshika ukingo wa meza.

Mimi nilikuwa nimechoka na wote wawili. "Keti," nikamwambia. "Wewe ulikubali kupigwa risasi kwa ajili ya hawa watu, halafu mimi niogope kalamu?"

Wakili akaanza kunisomea maneno ya kuandika. La kwanza lilikuwa: nilidanganya. Nikaweka kalamu chini.

"Sikudanganya. Niliulizwa kama ni wangu, na ni wangu. Nitaandika hivyo, halafu nitaandika kwamba sikumzaa."

"Jaji anapenda barua fupi, madame."

"Itakuwa fupi."

Shule yangu iliishia darasa la tatu, kwa hiyo hata barua fupi ilichukua muda. Neno sikumzaa nililiandika nikasimamisha mkono katikati, nikamalizia. Sikulia. Nilikasirika tu, na bado nimekasirika. Mwanangu alipoumia goti jangwani, hakuna aliyetafuta karatasi kujua nani alimzaa yeye.

Mahakama itatusikiliza baada ya Noeli. Ofisi ya fungu imekubali kuacha faili wazi. Jaji akikubali, watalipa tangu mwaka huu wa kwanza. Shule nayo imekubali ada vipandevipande, na mwanangu anafanya zamu za Jumamosi. Binti ameanza. Meza yangu ya kulia imejaa picha za nyonga za wanawake, tunakula tumeshika sahani mapajani.

Juzi aliniletea fomu ya shule: mtu wa kuitwa ikitokea dharura. Jina langu alikwisha kuliandika. Chini yake palikuwa na nafasi ya kusema mimi ni nani kwake.

"Wakili alisema tusiandike kitu hapo mpaka jugement ya jaji itoke," akasema.

"Namba ya simu umeweka?"

"Ndiyo, maman."

"Basi hapo acha wazi. Wakipiga, nitapokea."