Dole Gumba Chini ya Bahari

Nimechimba visima kuliko mtu yeyote kati ya Kibaha na Kisarawe, na hilo waulize watu wa Msimbu, waulize wa Masaki. Shule niliishia darasa la saba. Elimu nyingine niliipata shimoni, na nyumba yangu ya vigae pale Mkuza imetoka humo humo. Kwa hiyo niliposikia kuna watu wanapelekwa kutembea chini ya bahari, nikasema hilo ni langu.

"Kule hakuna kamba ya kukuvuta, baba watoto," mke wangu akanicheka.

"Wala hakuna udongo wa kuniangukia."

Boti yetu haikutupa nanga. Ilifungwa kwenye boya, maana nanga inavunja matumbawe. Mwalimu wa kuzamia alikuwa binti mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Akanisalimia, nikaitikia marahaba, kisha akaanza kuniamuru kama mimi ndiye mtoto.

"Usibane pumzi, baba. Vuta, toa, muda wote. Na usiguse kitu. Ukigusa tunapanda, na leo hushuki tena."

"Matumbawe hayo nayajua, mwanangu. Nimeyapasua kwa sururu Pwani nzima."

"Yale yalishakufa. Haya yako hai."

Akaonyesha pia ishara za vidole za kuzungumzia chini ya maji. Mimi nilikuwa namsimulia nahodha kisima changu kirefu kuliko vyote.

Tukashuka polepole, mtungi wa hewa mgongoni, mapezi ya mpira miguuni. Chini ya kisima mbingu ni ndogo kama sinia. Huku ilikuwa kubwa, inatikisika, inamwaga mwanga juu ya mikono yangu. Mbele likatokea tumbawe moja kubwa kama kibanda, la zambarau, na samaki wanaingia na kutoka kama wenye nyumba. Mwili wote ukanisisimka. Nilitaka kufika pale kuliko nilivyowahi kutaka kufikia maji kisimani.

Mwalimu akaunganisha gumba na kidole cha shahada, mduara: uko salama? Nami nikamjibu kwa ishara ya kwetu. Mchimbaji akiwa shimoni, akiwanyooshea dole gumba walio juu, maana yake niko sawa, tuendelee na kazi.

Akanishika mkono, tukaanza kupanda. Nikatikisa kichwa. Nikaonyesha dole tena, kwa nguvu zaidi. Naye akazidi kunipandisha, taratibu, huku lile tumbawe likififia chini ya mapezi yangu.

"Kuna nini, baba? Masikio yanauma?" akauliza tulipoibuka.

"Hakuna kinachouma! Kwa nini umenitoa?"

"Wewe si umesema tupande?"

"Mimi? Nimekwambia niko sawa!"

Akanyoosha dole lake gumba mbele ya miwani yangu. "Hili, chini ya maji, ni kupanda juu. Umeliomba mara mbili."

Mke wangu, aliyebaki kwenye boti, alicheka hadi akashika ukingo. Sikumjali. Nilikuwa nautazama uso wa mwalimu, aliyekuwa akisoma kipimo cha hewa yangu.

"Mwalimu," nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua, "nirudishe."

"Nionyeshe kwanza ishara ya niko salama."

Nikaunganisha vidole.

"Hewa inatosha kwa muda mfupi. Mikono kwapani."

Tukashuka tena, na safari hii nikafika. Yale niliyoyaita mawe yalikuwa na vinywa, vidogo kama punje za mtama, maelfu, vinafumbuka na kufumba. Samaki aina ya pono akang'ata tumbawe kando yangu, nikausikia mlio kabisa, kru, kru, kama mtu anatafuna muhogo mbichi. Nikavuta pumzi, nikainuka kidogo. Nikaitoa, nikashuka kidogo. Mtu mzima na kitambi changu, nimening'inia juu ya viumbe wale bila kumgusa hata mmoja, na hakuna kilichonishikilia isipokuwa pumzi.