Siku Bibi Alipoiona Mwanza Uani kwa Jirani

Juzi mpwa wangu alinionyesha kwenye simu kundi la watu wazima wanaotumiana picha za treni ndogo walizojitengenezea nyumbani: madaraja, mahandaki, stesheni zenye taa kama punje za mtama. Alidhani nitacheka. Mimi, ndugu yangu, niliivuta ile simu karibu. Kumbe jirani yetu wa Shinyanga alikuwa na wenzake duniani, naye hakuwahi kujua.

Miaka ya sabini nilikuwa binti mdogo, nikiishi na bibi karibu na reli. Nikishafagia uwanja na kunywa uji wa mtama, nilikimbilia kwa jirani. Alikuwa amestaafu kazi ya kuchochea moto kwenye injini za treni, na uani kwake, chini ya banda la nyasi, alikuwa amejenga njia yote ya kwenda Mwanza. Reli zilikuwa waya, magurudumu vifuniko vya soda, mabehewa makopo ya maziwa. Vilima vya Usukuma alivipanga kwa mawe halisi. Treni ilivutwa kwa mshipi wa kuvulia samaki, naye akizungusha mkono wa cherehani mbovu. Watoto tulichuchumaa pale bila kupepesa macho.

Bibi hakuwahi kukanyaga uani kule. Kaka yake alipelekwa vitani kwa treni, akapotelea huko. “Lile dude likimeza mtu halimtemi,” alikuwa akisema, na treni ya kweli ikipiga honi aligeuza uso.

Masika moja, mwanamke muuza dagaa alishuka kwenye treni akaja moja kwa moja kwetu na ujumbe. Mama yangu, aliyekuwa Mwanza na baba, alikuwa amejifungua mapacha. Alikuwa amepoteza damu nyingi, hata kuwapakata hawezi. Alikuwa anamwita mama yake.

Barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko, imebaki treni tu. Bibi alifunga mzigo wake, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akakaa juu yake akilia kimya kimya. Sikuwa nimewahi kumwona bibi akilia.

Jirani alisikia, akaja. “Shikamoo, mayu,” alisema, yaani mama kwa Kisukuma.

“Marahaba.”

“Sikulazimishi kupanda. Njoo tu uone inavyokwenda.”

Sijui kwa nini alikubali. Aliketi kwenye kigoda, kanga kaivuta mpaka mdomoni. Jirani alitia kipande cha pamba inayofuka ndani ya bomba la injini, akazungusha mkono wa cherehani. Treni ikaondoka ikitoa moshi. Ikapita stesheni ya Malampaka, ikapita ya Bukwimba, ikajipenyeza kati ya mawe, hadi ilipofika kwenye kipande cha kioo kilichokuwa kinaakisi anga.

“Hili ndilo ziwa?” bibi aliuliza kwa sauti ndogo.

“Ndilo, mayu. Hapo ndipo alipo mwanao.”

Bibi aliinama akakitazama kile kioo. “Haya, irudishe.”

Jirani akazungusha kinyume. Treni ikarudi polepole, ikasimama miguuni pake. Bibi akachomoa karanga kwenye pindo la kanga, akaiweka ndani ya behewa. “Huyu ni mimi,” alisema. Hakuna aliyecheka. Karanga ile ikaenda Mwanza, ikarudi. Akaiokota, akaigeuzageuza kiganjani, akaitia mdomoni.

“Mjukuu wangu,” akaniambia, “leta mzigo.”

Kesho yake tulipanda. Alinishika mkono hadi ukafa ganzi. Lakini ziwa lilipojitokeza, pana, likimeremeta, alisimama dirishani mdomo wazi. “Mungu wangu! Kumbe halina mwisho!” Nami nilisahau maumivu ya mkono.

Mama alipona. Bibi aliwalea wale mapacha mpaka wakatambaa, na tangu hapo kila baada ya mavuno alipanda treni kwenda kuwaona, na kuwashika mkono abiria waliokuwa wanaogopa. Tuliporudi Shinyanga tulikuta jirani amehamia kwa wanawe, na mvua imeshalilaza lile banda.

Leo injini za moshi hazipo, na bibi amepumzika. Pale uani pamejengwa vyumba vya kupangisha, ukuta kwa ukuta. Mwaka jana nilipita, nikasimama kidogo. Mama mmoja mpangaji akatoka, akaniuliza kwa upole namtafuta nani. Nikafungua mdomo kumtajia jina, nikakosa. Sisi tulimwita jirani tu.